Mashairi ya Ridhaa

Kwenye kurasa za michezo za magazeti yetu kuna maneno mawili ambayo msomaji huyapita bila kuyatazama mara mbili: ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa. Bondia wa kulipwa anapanda ulingoni kwa mkataba na fedha. Wa ridhaa anapanda kwa sababu ameridhia mwenyewe. Nimekuwa nikilitafuna neno hili la pili kwa muda sasa. Ridhaa ni ndugu wa radhi, wa kuridhia na wa kuridhika. Kwa hiyo mtu wa ridhaa, tukilifuata neno mpaka mwisho wake, amekubali mambo mawili kwa mpigo: kucheza bila kushurutishwa, na kutosheka na kile atakachokipata humo. Waingereza nao neno lao la jambo hilohilo walilitoa kwa Wafaransa, na asili yake ni mtu apendaye. Lakini la kwao limeshachakaa. Siku hizi ukimwita mtu hivyo ni sawa na kumwambia kazi yake ni ya ovyo. La kwetu bado lina uhai, na ndilo ninalotaka tulitumie leo.

Swali ninalouliza ni hili. Je, mtu ana haki ya kufanya jambo analolipenda kwa kiwango cha kawaida tu, hata kwa kiwango kibovu, maisha yake yote, na asione aibu? Sisemi kazi inayompa ugali. Nasema yale mengine: kuimba, kuchora, kufuma vitambaa, kupiga gitaa, kutunga mashairi, kulima maua kwenye makopo ya rangi. Tunayaita burudani, wengine wanasema hobi, na jirani asiyekupenda atakwambia ni kupoteza muda.

Naishi Ilomba, hapa Mbeya mjini, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Mtaa wetu hauna ukumbi wa sanaa, lakini burudani zipo kila kona. Wazee wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Mmoja vyake vimelala kifudifudi, mwenzake vyake vimelala chali, na kelele zao utadhani kuna shamba linagombaniwa. Vijana wanacheza chandimu, na sheria ya chandimu mnaijua: mwenye mpira wake lazima apangwe, hata kama miguu yake yote ni ya kushoto. Jioni, hata kwenye baridi ile ya Juni na Julai inayopenya mpaka kwenye mifupa, unasikia kwaya zikifanya mazoezi, sauti ya kwanza mpaka ya nne, wimbo uleule mara kumi. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeanza kwa kuuliza kama anafaa.

Tazama sasa kinachotokea mmoja wao akionekana anajua kidogo. Kijana akipiga chenga mbili nzuri, mtu mzima aliyesimama pembeni anasema, "We dogo, nenda Dar, utatoka." Dada akiimba vizuri kwenye sherehe, tayari anaulizwa atarekodi lini. Kuna usemi umezagaa kuwa kipaji ni ajira, na watu wanausema kwa nia njema kabisa. Ubaya wake unajitokeza ukiugeuza upande wa pili. Kama sababu ya kuimba ni kutoka kimaisha, basi yule ambaye hatatoka hana sababu ya kuimba. Zinabaki nafasi mbili tu, jukwaani au kwenye viti vya watazamaji, na katikati, mahali ambapo watu wengi wangeweza kukaa kwa raha, panabaki patupu.

Siwezi kulidharau swali la "inakulipa nini?" Katika nyumba ambayo unga unapimwa kwa kikombe, saa moja ya kucheza lazima ijieleze. Mama anayemwona mwanawe anachora siku nzima na ada haijalipwa ana haki ya kuuliza. Ndiyo maana nadhani kutaka ukamilifu kwa huku kwetu hakutokani hasa na majivuno, kama vitabu vingi vya kujiboresha vinavyodai. Kunatokana na dhiki. Tumejifunza kuiombea burudani ruhusa kwa kuahidi kwamba siku moja itakuwa kazi. Na ukishatoa ahadi hiyo, kila kosa unalofanya linakuwa ushahidi kwamba hutaitimiza.

Nitatoa mfano mmoja. Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, alikuwa na gitaa la zamani ambalo alilipiga karibu kila jioni kwa miaka mingi. Alipiga nyimbo za dansi za ujana wake, na tuseme ukweli, kidole kimoja kilikuwa kinachelewa siku zote. Mtaa mzima tulishazoea kuchelewa kule, kikawa sehemu ya wimbo. Siku moja kijana wa ukoo wake akamrekodi kwa simu, akamwonyesha, na wakati huohuo wengine wakawa wameshaipata video na kuicheka. Hawakumcheka kwa ubaya. Baada ya hapo jioni zikawa kimya. Nilipomuuliza, "Baba, mbona siku hizi hatukusikii?" akanijibu, "Mwanangu, nimejisikia. Kumbe huwa napiga vile."

Sentensi ile imenikaa kichwani. Miaka yote ile mzee hakuwa anajisikia yeye. Alikuwa anasikia nyimbo. Alikuwa yumo ndani ya wimbo kama mtu aliyemo ndani ya nyumba yake, na kutoka ndani huoni kama bati limepata kutu. Simu ilimtoa nje, ikamsimamisha barabarani, ikamwambia: tazama nyumba yako. Alichokiona kilikuwa kweli, kidole kilichelewa kweli. Lakini je, ukweli ule ulikuwa na haki ya kumnyang'anya jioni zake? Hapo ndipo ninapoona kuna jambo la maadili, wala si la hisia tu. Mtu amepoteza kitu chema kwa sababu ya kipimo ambacho hakikuwahi kuwa cha kitu kile.

Najua atakayenipinga. Atasema: ndugu, unatetea uzembe. Nchi hii tayari ina ugonjwa wa bora liende. Barabara zinalipuliwa, madawati yanavunjika kabla ya muhula kwisha, na wewe unakuja kuhubiri kwamba vibaya nako ni sawa?

Hoja ni nzito, na jibu langu ni kutenganisha deni na zawadi. Fundi anayefunga breki za lori litakaloshuka mteremko wa Iwambi hana ruhusa ya kuridhika na "inatosha." Akikosea, gharama inalipwa na watu ambao hawakuulizwa. Vivyo hivyo nesi, mpishi wa shule, mhasibu wa chama cha akiba na mikopo. Hawa wana deni, na deni hulipwa kamili. Lakini mzee akichelewesha kidole kwenye gitaa, nani kaumia? Gharama ya kosa lake anailipa mwenyewe, na yeye alishairidhia. Kumdai mzee yule ukamilifu ni kumdai deni ambalo hakukopa.

Tena ukichunguza, nadhani utakuta kwamba bora liende na kutaka ukamilifu havipingani kama tunavyodhani. Mara nyingi ni mtu mmoja. Yule anayeona kwamba jambo likishindwa kuwa bora kabisa halina thamani ndiye huyohuyo anayelifanya hovyo, au anayeliacha nusu, akishagundua kwamba ubora wa juu haufikiki. Katikati pana kitu kingine, na Kiswahili kina neno lake zuri: kujali. Mcheza drafti anayejali haibi zamu, hasogezi kizibo mwenzake akigeuka kukohoa, na akifungwa anauliza amefungwaje. Huyo si mzembe. Lakini hajawahi kukosa usingizi kwa sababu yeye si bingwa wa Tanzania.

Hata kwenye kwaya, ambako kuna watu wanasikiliza, deni si lile tunalolidhania. Siku hizi kwaya nyingi zinarekodi video, zina sare tatu, na mwimbaji mwenye sauti iliyopasuka anaweza kuambiwa kwa upole, "Mama, kaa kwanza, tukimaliza kurekodi utarudi." Naelewa kwa nini. Lakini fikiria kwaya hiyohiyo ikienda msibani. Kinachodaiwa pale ni kufika, kusimama kwenye umande na wafiwa, na kuimba. Hakuna aliyekuja kupima sauti ya nne. Mama yule mwenye sauti iliyopasuka, ambaye amezika wawili wake mwenyewe, huenda ndiye anayelilipa deni lile kuliko wote.

Kwa kuwa hapa tunazungumza na wapenzi wa fasihi, nigeukie nyumbani kwetu. Nikitafuta mfano mkubwa wa watu waliofanya sanaa kwa ridhaa, nawapata washairi wa magazeti. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, chini ya serikali ya kikoloni, na kwa miongo mingi lilichapa mashairi ya wasomaji wake. Baadaye magazeti mengine yakaendeleza desturi hiyo. Hawa hawakuwa watu wa kuishi kwa kalamu. Shaaban Robert, ambaye leo tunamwita gwiji, alikuwa karani wa serikali. Mathias Mnyampala alikuwa mtumishi wa serikali. Saadani Kandoro alikuwa mwanasiasa, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954. Na hao ni wale ambao majina yao yamebaki. Nyuma yao kulikuwa na walimu, makarani na wakulima wengi ambao walituma beti zao kwa posta, wakasubiri, wakaziona zimechapwa, na leo hakuna anayewakumbuka.

Zilikuwa nzuri zote? Hapana. Ukizisoma nyingi kwa pamoja utakutana na nasaha zilezile, sifa zilezile, vina vilevile vilivyochoka. Lakini ukiishia hapo utakuwa umesoma shairi tu, hujasoma kilichokuwa kikitendeka. Mtu mmoja aliuliza swali kwa beti, mwingine wa mkoa wa mbali, asiyemjua, akamjibu kwa beti, wa tatu akaingilia kati kuwasuluhisha, na gazeti likawa baraza. Shairi bovu lililojibiwa lilikuwa limetimiza kazi yake kuliko shairi zuri lililobaki kwenye droo likisubiri kukamilika.

Kuna jambo la kushangaza hapa. Ushairi ule ulikuwa na sheria kali. Mwaka 1954 Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa Meya wa Dar es Salaam na kisha Waziri wa Sheria, alichapisha kitabu chake kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Shairi la kawaida lilikuwa na mishororo minne kwa ubeti, mizani 16 kwa mshororo, nane huku na nane huku, vina vikikaa mahali pake. Lililokiuka liliitwa guni. Sasa mtu atauliza: kama kulikuwa na masharti yote hayo, ridhaa iko wapi? Je, huo si ndio ukamilifu wenyewe?

Nadhani sivyo, na tofauti hii ndiyo ninayoitaka msomaji aondoke nayo. Kanuni na ukamilifu ni vitu viwili. Kanuni ni ya mchezo, na ni ileile kwa wote. Karani na waziri wote wanahesabu mizani kwa vidole vilevile kumi. Na kanuni ina kikomo: mizani ikitimia imetimia, unaweza kufunga bahasha ukalala. Ukamilifu hauna kikomo. Hauulizi kama mizani imetimia; unauliza kama wewe umetimia. Kanuni ilimwambia mkulima hodari wa kuhesabu kwamba naye anaweza kuingia. Ukamilifu unamwambia asithubutu. Na hata pale miaka ya sabini, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na ubishi mkubwa ukawaka kuhusu mashairi yasiyofuata vina na mizani, wanamapokeo walibishana juu ya kanuni za mchezo: huu ni mchezo wetu au ni mwingine? Tunaweza kutokukubaliana nao, na mimi sikubaliani nao kwa mengi, lakini walikuwa wakibishana kuhusu ushairi. Mzee wa gitaa hakuvunja kanuni yoyote. Alijihukumu yeye mwenyewe.

Pingamizi la pili ni la watu ninaowaheshimu zaidi. Wanasema furaha ya burudani iko katika kuendelea, katika kuona kwamba mwezi huu unapiga wimbo ambao mwezi uliopita ulikushinda. Ukimwambia mtu aridhike, unamnyima furaha hiyo.

Nakubali nusu. Kujifunza ni tamu, na kujifunza kunahitaji kuona kosa. Ila angalia mahali kosa linapokaa. Kwa mtu wa ridhaa, kosa ni kama kilima kwa mtu anayetembea: kinampa kitu cha kupanda. Anayetembea kuelekea Loleza kwa starehe anaweza kufika juu, anaweza kugeuka nusu ya njia mvua ikianza, na vyote viwili ni matembezi. Kwa mtu wa ukamilifu, kosa ni hakimu. Kila hatua anaulizwa kama anastahili kuwa njiani. Wote wawili wanaweza kupanda urefu uleule, tena kwa jasho lilelile. Wa kwanza kesho atarudi. Wa pili, nina mashaka naye.

Jambo hili halikuanza na simu wala na sisi. Aristotle, katika kitabu cha nane cha Siasa, alishauri vijana wafundishwe muziki kwa kuupiga wenyewe, lakini wasifikie ule ufundi wa mashindano, kwa sababu mpigaji wa mashindano huishia kupiga kwa ajili ya starehe ya wasikilizaji. Aliona vizuri kwamba ubora fulani unaweza kumtoa mtu ndani ya kitu anachokifanya. Lakini hatuwezi kumchukua mzimamzima. Yeye alikuwa anamzungumzia muungwana mwenye nafasi, katika mji ambao kazi za mikono zilifanywa na watumwa. Kwake, kucheza bila kulipwa kulikuwa fahari ya wachache. Washairi wa magazeti yetu wanamjibu vizuri kuliko mwanafalsafa yeyote: walitoka kazini wamechoka, wakawasha taa ya mafuta, wakahesabu mizani. Nafasi yao hawakuibeba juu ya mgongo wa mtu mwingine. Waliikata kutoka kwenye usingizi wao wenyewe.

Na sisi wasomaji je? Tusijifanye tumepona. Mwishoni mwa mwaka tunahesabiana: mimi vitabu hamsini, mwenzangu themanini, na yule aliyesoma viwili kwa utulivu ananyamaza. Kuna watu wanaogopa kusema wanapenda riwaya za upelelezi mpaka kwanza wataje jina la mwandishi mzito. Kuna wenye daftari zima la mashairi ambalo halijaonwa na mtu, si kwa sababu ni siri, bali kwa sababu halijawa "tayari." Kusoma, jambo la ridhaa kuliko yote, tumelifungia karani na daftari la mahudhurio.

Nadhani mwisho wa yote kuna jambo gumu kidogo kulikubali, na mimi nalikubali kwa taabu. Kufanya kitu kwa ridhaa ni kukubali kwamba huenda hakitabaki. Wale wakulima na walimu walioandika kwenye Mambo Leo wengi hawakumbukwi hata kwa jina. Mpenda ukamilifu hawezi kulistahimili hilo. Anaona kama beti zisizodumu zilipotea bure. Lakini hatuhesabu hivyo kwa mambo mengine tunayoyapenda. Chai ya asubuhi haidumu. Soga za kijiweni hazidumu. Maua kwenye makopo ya rangi yanakufa na baridi ya Julai, na mwenye nayo anapanda mengine. Hakuna anayesema alipoteza muda kwa kuwa ua lake halikuingia makumbusho.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali nililouliza ni ndiyo, mtu anayo haki hiyo, kwa masharti mawili: asimlipishe mwingine gharama ya makosa yake, na ajali. Zaidi ya hapo, hana deni. Nasi tunaosikiliza pembeni tuna wajibu wetu pia, mdogo lakini wa kweli. Tusimuulize kila anayeimba atarekodi lini. Tusimtoe mtu nje ya wimbo wake ili tumwonyeshe kutu ya bati. Mtoto akituletea mchoro wa ng'ombe mwenye miguu mitano, tunaweza kumuuliza ng'ombe huyo anaitwa nani, na anakwenda wapi kwa miguu yote hiyo. Atajibu. Ana mengi ya kusema kuhusu ng'ombe wake.